Mama Zai, Nani Atainusa Dameski?

Mama Zai wangu,

Udi wako umekwisha. Nianze na hilo, maana wewe hukupenda mtu azungukezunguke na habari. Kipande cha mwisho cha Dameski nilikichoma mwenyewe Alhamisi moja ya mwezi uliopita, baada ya magharibi, kwenye chetezo chako kile chenye mpini uliovunjika. Moshi nikauona ukipanda. Harufu sikuisikia hata chembe.

Unakumbuka ulivyoanza kuupika? Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kirumba. Babu yako alikuwa amekusimulia Dameski, mji wa kale wenye mawaridi na masoko ya ubani, na kwa alivyosimulia ungedhani kazaliwa huko, kumbe mzee wa watu hata Bukoba hajafika! Ukasema utaupika mji huo kwenye sufuria, na udi wako ukauita Dameski. Sukari, sandali, ubani, waridi lililokaushwa kivulini. Mimi nikacheka, nikasema tutakufa njaa na huo mji wako.

Basi ukanipa kazi. Mimi, muuza dagaa wa Mwaloni, nikawa mnusaji wako! Dada zako wakatucheka: "Anayeshinda na dagaa anajua nini cha waridi?" Ukawajibu, "Pua iliyovumilia dagaa haidanganyiki." Ya kwako hukuiamini, ilikuwa imeshiba moshi kutwa. Kila ukipika ulinifukuza kwanza: "Nenda kapulizwe na ziwa, urudi na pua safi." Nashuka mpaka kwenye mawe, nasimama pale kama mgambo, narudi. Unatia kipande kwenye kaa. Nikisema moshi umelizidi waridi, unaongeza waridi bila neno, wewe uliyenibishia kila kitu kingine tangu ndoa! Hukupima kwa kijiko. Vipimo vilikuwa mkononi mwako na puani mwangu, basi.

Mkono tumeuzika. Na pua nayo imekufa, mke wangu. Baada ya arobaini yako nilishikwa na homa na mafua makali. Nilipopona, harufu haikurudi. Nilijua siku niliyofika Mwaloni nikadhani soko limefungwa, mpaka nilipowaona watu. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Zaidi yake sijamwambia mtu. Nani atanunua dagaa kwa mtu asiyejua zilizooza?

Vuli imepita, masika imepita, hakuna kitu. Kanga zako naziweka usoni, nagusa kitambaa tu. Kila mtu amebaki na wewe kidogo, isipokuwa mimi niliyelala nawe miaka yote. Inaniuma, Mama Zai. Wallahi inaniuma. Hiyo Alhamisi jirani alipita dirishani akasema, "Leo kwa Mama Zai kunanukia!" Nilitamani kumrushia chetezo.

Sasa Zai wetu ameamua kuupika. Anakuja kutoka Pasiansi kila Jumapili, anafunga kanga yako kiunoni, anakoroga. Anasema harufu yako inamtoka kichwani, anataka kuishika kabla haijapotea kabisa. Dada zako wanamwambia anakaribia, ila wanasema mwenye kuijua hasa ni Baba Zai. Jamani, wananisukumia mimi!

Mara ya kwanza akaniletea. "Baba, ndiyo?" Nikasema bado. Mara ya pili nikasema moshi umezidi, nabahatisha tu, maneno yangu ya zamani. Akaongeza waridi. Mara ya tatu kaja na chetezo, macho mekundu, vidole vimeungua sukari. Akapiga magoti mbele yangu. "Baba, niambie kweli. Ni yenyewe?"

Nilivuta ule moshi mpaka kifua kikauma. Nilivuta, Mama Zai, nikakuomba uje hata mara moja. Hukuja.

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ni mama yako."

Akanikumbatia, akalia mpaka bega langu likalowa. Tangu hapo amepika sufuria nzima. Amewagawia mama zake wadogo, amefukiza nguo za wajukuu, amefukiza kitanda chetu. Wajukuu wanaambiwa hii ndiyo harufu ya bibi, na wakikua watakukumbuka kwa hiyo. Nalala humo ndani kila siku, na sijui kama ni wewe au ni mwanamke mwingine.

Pumzika, mke wangu. Mimi sipumziki.

Mumeo,
Baba Zai