Upande wa Kupinga

Jumatano, 5 Machi

Mada imepita! Mkuu wa shule aliisoma mara mbili, akajikuna shingo, akatia sahihi: "Serikali ina haki ya kusikiliza simu za raia ili kulinda usalama." Aliniuliza kwa nini tusirudie ile ya sare za shule. Nikamwambia wanafunzi wameichoka. Mimi pia. Mwaka wa sita huu nasimamia klabu ya mdahalo.

Pande tumezipanga kwa kura, kama kawaida. Wakili — ndivyo wenzake wanavyomwita, msichana wa kidato cha tatu, mdomo haulali — ameangukia kupinga. Kanuna. Baba yake ni fundi mitambo wa kampuni ya simu, na kwao wanasema mtu safi hana cha kuficha. Akaomba nimbadilishie. Nikakataa. Nikamwambia ukilazimika kutetea usichokiamini, ndipo utajua unaamini nini.

Maneno mazuri. Nilijipenda nilipoyasema.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Upande wa kutetea walianza vizuri: wezi, magaidi, watoto wanaopotea. Nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha Wakili. Hakushika hata karatasi. Akauliza nani yuko tayari kumkabidhi simu yake mtu aliyekaa kando yake, kwa siku moja tu, bila kufuta kitu. Hakuna mkono ulioinuka. Akawageukia walimu mstari wa mbele. Tukatazama viatu vyetu.

"Huyo jirani yako unamjua jina," akasema. "Anayetusikiliza hata jina hatumjui. Kwa nini yeye tumwamini?"

Hapo madawati yakapigwa mpaka vumbi likatimka. Hata Mkuu alipiga makofi. Matatu, lakini alipiga.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu kanitumia video. "Dada, hii si shule yako?" Kuna mtu alirekodi. Wamebakiza maneno ya mwisho na kelele za madawati tu. Mwenyekiti hayumo, mada haimo, upande wa kutetea haumo. Ukiitazama hujui kama ni mdahalo. Ni kama mkutano wa hadhara.

Imesambaa. Nimeitazama mara tisa.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja bwana mmoja, shati jeupe, sauti ya upole. Alisema ametoka "ofisini". Ofisi gani hakusema, na Mkuu hakumuuliza. Anataka maelezo kwa maandishi kufikia Alhamisi: majina ya waliopinga, na ya waliopiga madawati. Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Nikasema walioshangilia ni ukumbi mzima, Mkuu akiwemo. Mkuu akakohoa.

Mlangoni yule bwana akageuka, akaongeza: na jina la aliyechagua mada.

Jioni nilimweleza Baba Watoto, yuko jikoni anatengeneza pasi. Kwake jambo ni jepesi: andika ilikuwa kura, mtoto hakusema ya moyoni, yaishe. Tukaanza mdahalo wetu. Yeye: wanasikiliza wahalifu tu. Mimi: nani anayeamua mhalifu ni nani? Akashusha sauti, akaniambia nami nishushe. Nyumbani kwake mwenyewe, na redio imewashwa! Tukatazamana. Hakuna aliyemaliza hoja yake.

Jumanne, 11 Machi

Nimefuta ujumbe kwenye simu. Utani wa shangazi kuhusu waziri. Picha ya foleni ya zahanati. Baadaye nikaona aibu — nani kaniambia nifute? Hakuna. Nimejituma mwenyewe.

Darasani nilisahau nilipoishia. Mwalimu wa jiografia, tunayekunywa naye chai kila siku, leo kanywa amesimama, mbali nami.

Barua nimeiandika mara nne. Pande zilipangwa kwa kura, maneno si maoni ya mwanafunzi. Ni kweli tupu! Lakini kila nikiisoma naona kama naomba radhi kwa kosa ambalo sijatajiwa.

Jumatano, 12 Machi

Baba yake Wakili kanifuata mchana, bado na ovaroli ya kazini. Tukasimama kwenye maegesho ya baiskeli. Kazini kwake wameshamuuliza kuhusu binti yake. Akaniomba niandike ilikuwa kura. Nikamwambia nimeshaandika. Akashusha pumzi, lakini hakuondoka.

"Mwalimu, mimi ndiye ninayewafungulia mitambo," akasema. "Najua wanasikia nini. Mwambie mwanangu anyamaze."

Nikamuuliza mbona nyumbani anamwambia mtu safi hana cha kuficha.

"Ningemwambia nini kingine? Nilitaka alale vizuri."

Haya sijui kama nilipaswa kuyaandika hapa. Nimeyaandika.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na robo. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Daftari hili lilikuwa mkobani. Naandika ili mikono ipate kazi.

Barua niliitoa. Bwana wa shati jeupe aliisoma, akaridhika kabisa. Akaagiza Wakili aitwe, na baba yake, ambaye walishamwita tangu asubuhi. Akamwambia binti, kwa upole uleule, aseme tu ilikuwa kura na hayakuwa maoni yake, atie sahihi, arudi darasani kwenye hesabu zake.

Wakili aliniangalia mimi kwanza. Si baba yake. Mimi.

"Siku ya kura hayakuwa maoni yangu," akasema. "Sasa ni yangu."

Baba yake akafumba macho. Yule bwana hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliandika neno kwa neno, kisha akanirudishia barua yangu na kuniomba niongeze mstari mmoja chini: kwamba mimi, kama mwalimu wake, siungi mkono aliyoyasema. Akasema nikatafakari nje, dakika kumi. Wao wangeongea kidogo na mtoto.

Dakika kumi zimepita. Ndani namsikia baba yake, maneno siyapati, sauti inabembeleza. Wakili simsikii kabisa, na hilo ndilo linalonitisha.

Nikiandika mstari ule, nitakuwa nimemwacha peke yake na maneno niliyomlazimisha kuyasema. Nisipouandika — nina wanangu wawili, na mimi ndiye niliyechagua mada.

Nimeanza. Nimeandika "Mimi, mwalimu wake," na kalamu imegoma hapo. Mlango unafunguliwa. Mkuu anauliza kama niko ta—