Yule Ng'ombe wa Mahari

Nkololo, Jumapili

Mwanangu Felisita,

Mhola? Sisi wazima, pamba imeanza kupasuka. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako siiamini tena.

Jumanne iliingia meseji kutoka namba yako: "Mama, nilikulalamikia nini kuhusu Anatoli?" Hata shikamoo hakuna! Nikamtega: "Kwanza nikumbushe yule ng'ombe kilema wa mahari yako."

Jibu likaja mbio: "Hakuwa kilema, alikuwa amechoka na safari."

Maneno hayo niliyasikia mara moja tu, siku ya mahari, kinywani mwa mumeo Anatoli.

Nikamjibu kwamba kila siku unamsifu. Badilisha namba ya siri ya simu, na usiweke mwaka wa ndoa. Barua hii ichome.

Chumba chako nimeshakifagia.

Mama yako,
Anyes