Mgeni wa Baba Yangu

Mpendwa Chebet,

Hapa Eldoret hatujambo. Mama yako ameenda shambani kule Ziwa kuvuna mahindi, nami nasumbuliwa na magoti tu, usiwe na wasiwasi.

Uliniuliza kwa simu nilijifunzia wapi majina ya ndege. Ni baba yangu aliyenifundisha, lakini si utotoni.

Nilikuwa nimefundisha shule huko Mombasa miaka minne bila kuja nyumbani. Niliporudi nilimkuta ameketi uani, kando ya mto Sosiani, na tayari alikuwa ameanza kusahau watu. Nikamwambia, "Baba, ni mimi, Jeptoo."

Akaniangalia kwa heshima. "Karibu, Mama. Wewe ni mgeni hapa mjini? Keti nikuonyeshe."

Nilijikaza nisilie, nikaketi. Akanionyesha kwarara waliokuwa wakipiga kelele juu ya paa la jirani, mnana wakisuka viota, na korongo wawili wenye taji wakitembea kwenye majimaji. Nilizaliwa pale, na sikuwa nimewahi kuwatazama. Kesho yake alinikaribisha upya, na siku iliyofuata vilevile. Mwishowe niliacha kumsahihisha, nikawa namuuliza tu, "Na yule, Mzee, anaitwaje?"

Alifariki kabla ya Krismasi bila kulitaja jina langu. Lakini wiki ile ya mwisho jirani alimuuliza mimi ni nani.

"Ni mgeni wangu," akajibu. "Mtoto mzuri sana. Baba yake lazima anamngoja huko kwao."

Mungu akulinde huko uliko.

Kogo wako,
nyanya anayekupenda