Mbuzi wa Sinema, Machame

Dada Neema, shikamoo. Huku baridi kali, na mlima umejifunika kwa heshima ya kamera yangu.

Nimekuja kumhoji Elibariki, anayechezesha wahusika wa filamu za katuni. Wakubwa wake wamelalamika kuwa mbuzi aliyemchora hatafuni kama mbuzi. Asipomrekebisha, filamu wanampa mwingine. Kwa kazi hiyo nzito anashinda bandani kwa mama yake, akimrekodi mbuzi.

Mama aliponiona akachukua kisu. Huku mgeni huchinjiwa.

"Mama, sijamaliza kumrekodi!"

"Mgeni katoka Dar, ale katuni?"

Nyama ilikuwa tamu. Elibariki akaitega simu mbele ya sahani yangu.

"Tafuna polepole, kaka."

Filamu ikitoka, wapeleke wanao. Watamtambua mjomba wao anayewapenda.

Petro