Mama Mkwe Redioni

Jumapili, 3 Machi

Hatimaye gari limepata sauti! Redio yake ni ya kizamani, haina pa kuchomeka flashi wala waya, ni stesheni na mikwaruzo tu. Leo nimenunua adapta — ile ya kuingiza kwenye tundu la kuwashia sigara. Inachaji simu, na papo hapo inarusha muziki wa simu hewani, redio inaudaka kama stesheni. Unatafuta namba ambayo haina mtu, unaiweka namba hiyohiyo kwenye adapta, basi. Nimeshinda garini mchana kutwa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mke wangu alikuja dirishani kuniuliza kama nimehamia huko. Nikamwelewesha kwa kirefu, kwamba waya ni wa chaji tu, muziki unapita hewani. Akasema hongera, mhandisi.

Nia ni njema. Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya macho. Yote mawili yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Foleni za barabarani ni ndefu. Anapenda nyimbo za zamani, na binti yake amemtafutia, ziko kwenye simu yangu.

Halafu kituko cha jioni. Koti langu la mvua hutundikwa kwenye korido. Mama katoka chumbani akipapasa ukuta, kalifikia, kasimama. Akaliambia, "Karibu baba. Umechoka leo. Umeshakula?" Na akasubiri jibu! Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, pale pale. Sikusema kitu, nilitaka kuona itaishia wapi. Akasubiri weee. Mwisho akaliambia koti haya, pumzika, akarudi alikotoka. Nilijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Hii lazima niwapelekee watu wa karakana.

Jumanne, 5 Machi

Jana karakana nzima ilisimama. Hawaniiti Kasuku bure. Kazi yangu ni kupima madirisha ya watu na kuleta vipimo, mapazia yashonwe. Lakini wenyewe wanasema wananilipa kwa kuwachekesha. Nilisimamisha jora la pazia kuwa koti, nikafumba macho, nikawa mama mkwe. Msimamizi alifuta machozi. Sindano, mkataji wetu — mrefu, mwembamba, kicheko cha fisi — alinirekodi sauti, akairusha kwenye kundi letu la simu. Nimeihifadhi.

Nimeisikiliza tena na tena. Nimempatia! Hata ile pumzi anayovuta kabla ya kusema "baba".

Kesho kliniki.

Jumatano, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimkalisha mama kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, nikachomeka adapta kwa mbwembwe. Nikamwambia leo utasafiri na nyimbo zako. Wimbo wa kwanza ukaingia, akatabasamu, vidole vikawa vinacheza gotini. Akaniombea dua, Mungu aniongezee. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Wimbo ukaisha tukiwa katikati ya mzunguko, lori kushoto, basi nyuma. Simu haijui wimbo ni upi na upuuzi ni upi. Inacheza kila sauti iliyomo, kwa mpangilio wake yenyewe. Spika zikatoa vicheko vya wanaume. Halafu sauti ya mama mkwe. Yaani mimi. "Karibu baba. Umechoka leo. Umeshakula?" Kicheko. Kisha sauti yangu halisi, ikieleza anavyopapasa ukuta kama anatafuta mjusi. Kicheko. Sindano akipiga meza.

Nikachomoa simu kwenye waya. Ikaendelea! Bila shaka iliendelea. Si mimi niliyemwelewesha mke wangu kwa kirefu? Nikaparamia kitufe cha redio — nikakipapasa, mimi mwenye macho yangu mawili — nikapandisha sauti badala ya kushusha. "Bibi wa watu anaongea na koti!" Gari zima likajaa maneno yangu. Lori likanipigia honi. Ndipo nikaing'oa adapta yenyewe.

Ikabaki mikwaruzo mitupu, nikazima na redio.

Mama hakugeuza uso. Vidole vilikuwa vimesimama gotini. Akauliza ile ni redio gani. Nikamjibu — ee Mungu — nikamjibu ni kipindi cha vichekesho, stesheni zimeingiliana.

"Anaiga vizuri huyo bwana," akasema.

Basi. Wakati wa kushuka alinishika mkono kama siku zote. Kiganja kilikuwa cha baridi. Chake, au changu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeifuta. Nimemwomba Sindano aifute na kwenye kundi. Akauliza kulikoni, Kasuku. Nikasema inajaza simu za watu. Msimamizi akataka nimwigizie mteja mmoja ile ya koti. Nikasema koo linauma. Ulimi hauna mfupa, najua, ila wangu sasa unateleza wenyewe.

Najiliwaza. Huenda ameamini. Stesheni huingiliana kweli. Mtu mzima, redio kwake ni redio.

Mbona basi alisema "huyo bwana"? Hakusema "hao". Waliocheka walikuwa wengi.

Ijumaa, 8 Machi

Kliniki tena, vipimo vya mwisho. Upasuaji ni Jumatatu, jicho la kulia kwanza. Adapta niliiacha kwenye droo ya gari. Tulipoufikia mzunguko uleule, mama akauliza kama kile kipindi leo hakipo. Nikasema ni cha Jumatano tu. Akasema haya.

Wakati wa chakula alimsimulia binti yake. Kwamba redioni kuna bwana anamwiga mama mmoja asiyeona, anaongea na koti. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya sabuni. Mke wangu akauliza stesheni gani. Mama akasema mwulize mwenzio, yeye ndiye mwenye redio.

Nikasema sikumbuki.

Mke wangu alinitazama, kijiko kimesimama njiani. Huyu ananijua. Alinipenda kwa sababu nilimwiga mwalimu wake mkuu mpaka akakaa chini kwa kucheka. Akamwongezea mama mchuzi.



Jumapili, 10 Machi

Mama hatembei tena.

Alikuwa anajiendea mwenyewe, ukuta huu mpaka ule. Jikoni kusuuza vikombe, uani kuanua nguo, akizinusa kujua zipi zimekauka. Tangu juzi anakaa kitandani mpaka binti yake aje amshike mkono. Anakula chumbani. Mke wangu alimuuliza kama amezidiwa. Akajibu hapana, hataki tu kuvunja vyombo vya watu.

Vyombo vya watu! Wiki iliyopita vilikuwa vyombo vyetu.

Anajua. Anajua, na amechagua njia ya kutochekwa tena — asionekane akitembea. Nimemfunga mtu ndani ya nyumba yangu bila kufuli.

Koti nimelitoa kwenye korido nikalisokomeza kabatini, kana kwamba ndilo lililosema.

Mchana nilisimama mlangoni kwake, nikakohoa ili ajue ni mimi. Akasema karibu, baba. Nikamuuliza kama anataka maji. Akasema yapo. Nikasema sawa. Nikaondoka! Mwanamume mzima, ndevu zote hizi, nimeshindwa na neno "nisamehe".

Jumatatu, 11 Machi

Walimwingiza asubuhi. Mimi na mke wangu tulikaa kwenye benchi la nje, ukuta wa kijani mbele yetu, harufu ya dawa. Nikamwambia. Sijui nilipata wapi nguvu. Labda kwa kuwa kulikuwa na watu, hangeweza kunipigia kelele. Hata katika kutubu nilitafuta kona.

Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama sakafu. Kisha akauliza kitu kimoja tu: siku ya koti nilikuwa wapi.

Nikasema mlango wa jikoni.

"Ulimwona, ukanyamaza?"

Nikanyamaza tena.

Ndipo akaniambia nisilolijua. Jioni ile mama alimvuta kando akamuuliza amemkosea nini mkwe wake. Amemkaribisha, hakuitikia. Amemuuliza kama amekula, hakuitikia. Alitaka kurudi kwake kesho yake, macho yasubiri, asije akaivunja ndoa ya mtoto wake kwa kukaa sana. Mke wangu alimbembeleza, akamwambia labda nilikuwa nimechoka, wanaume wana siku zao. Mama akakubali. Akasema basi nitamwombea.

Kwa hiyo ile dua ya garini. Ilikuwa kwa mtu aliyemdhani amenuna.

Na dakika chache baadaye ndipo alipojua kuwa hakuna aliyemnunia. Lilikuwa koti. Kicheko chetu ndicho kilichomwambia.

Muuguzi akatoka kusema mambo yamekwenda salama. Mke wangu akainuka kumfuata. Mimi nilibaki kwenye benchi.

Jumanne, 12 Machi

Bandeji imetolewa. Jicho linaona! Alimtazama binti yake kwanza, muda mrefu, akamshika mashavu, akamwambia kumbe umekuwa mama kabisa. Kisha akanitazama mimi. Akasema nimenenepa.

Nyumbani alirudi akisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, hata ya kuuza matairi. Mke wangu alikuwa naye kiti cha nyuma, wakicheka. Niliwaona kwenye kioo. Kila nilipoinua macho nilikuta jicho moja la mama linanitazama kupitia kioo hichohicho, nikashusha yangu.

Jikoni mke wangu alinong'ona kwamba yeye hamwambii mama kitu. Kilichotoka mdomoni mwangu nitakizoa mwenyewe.

Nikasema kesho.

Alhamisi, 14 Machi

Bado.

Anatembea nyumba nzima sasa, mikono kifuani, hagusi ukuta. Leo amenipikia chai. Afadhali angenimwagia.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nimesimama, nimeegemea mlango wa chumba chetu. Sebuleni wamejaa.

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, amekuja na familia yake kumpongeza mama kwa jicho. Tumekula, tumeshiba, maneno yakachangamka. Shemeji akaanza: Kasuku vipi leo, mbona kimya, tuigizie mlinzi wa benki. Nikasema sijisikii. Akashikilia, na mkewe na watoto wakamuunga mkono. Mke wangu alikuwa anakusanya sahani, hakuinua kichwa.

Mama akaweka kikombe chini. Akasema mwacheni, mlinzi wa benki mimi simjui. Wakatulia.

"Mkwe wangu anajua kuiga watu," akasema. "Mimi nimemsikia tu, kwenye gari. Leo nina jicho, nataka kumwona. Niige mimi, baba."

Walicheka wote, wakidhani ni mzaha wa mama. Shemeji akapiga makofi. Mke wangu alisimama na sahani zake mkononi kama aliyepigwa picha.

Nilimtazama mama. Nilitafuta hasira usoni mwake nikaikosa. Nikatafuta utani, nao sikuuona. Alikuwa anavuta kiti chake mbele tu, apate kuona vizuri, akijipangusa machozi ya dawa kwa pamba kama alivyoelekezwa.

Nikasema ngoja nibadilishe shati.

Nikitoka nikamwiga, nimemtukana mara ya pili, na sasa mbele ya wanawe. Nikitoka nikapiga magoti, wote watauliza kwa nini, na mama yao atalazimika kukaa pale nikilieleza lile koti, mjusi, meza ya Sindano. Aibu yangu haina namna ya kutoka bila kupitia kwake. Nisipotoka — dirisha hili lina nondo, nimeshaliangalia. Nimefikia hapo!

Sijui ananihukumu au ananivusha. Labda hata yeye hajui. Labda anataka tu kuona uso wangu ukiwa unafanya vile.

Nasikia viti vinasogezwa. Shemeji anasema wasanii wakubwa hupenda kubembelezwa. Mke wangu amekuja, amegonga kidogo, amesema kwa sauti ya chini niamue, chai inapoa. Ameondoka.

Shati bado ni lilelile.

Sasa wamenyamaza. Mama amewanyamazisha. Anaongea yeye, wala hapazi sauti, na naisikia ile pumzi kabla ya neno.

"Baba, usijifiche. Nakiona kivuli chako chini ya mlango."