MABATI YA ANANIA JUU YA KITUO CHA GWALUGANO

KAMATI YA UJENZI, KITUO CHA KUMBUKUMBU NA ELIMU YA HAKI CHA GWALUGANO SIMBEYE
Kikao cha nne, Jumamosi 18 Januari 2025, ndani ya ukumbi wa kituo, Chapwa, Tunduma

WALIOHUDHURIA
Sebastian Siwale, Mwenyekiti
Tabita Sichone, Katibu
Bi. Enesi Simbeye, mjumbe, mama wa marehemu Gwalugano
Bi. Raudha Salum, mjumbe
Ndg. Aziz Juma, mjumbe
Fundi Lucky, mwalikwa

ASIYEHUDHURIA
Ndg. Makame. Hakutoa taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/4/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:00 mchana badala ya saa 4:00 asubuhi. Hakuomba radhi.

KUMB. NA. 2/4/2025: MGENI RASMI
Mwenyekiti alieleza kwamba kituo kitafunguliwa na Ndg. Anania, mwenye malori, aliyetoa mabati yote ya jengo, na kwamba ameshapelekewa kadi.

Bi. Enesi aliuliza ni Anania yupi. Mwenyekiti alijibu kwamba ni yule yule. Katibu anaweka wazi kwa watakaosoma: Anania ndiye aliyekuwa mkuu wa mgambo wa soko siku Gwalugano alipowaongoza akina mama wauza mchele wa Kamsamba kukataa kuvuliwa nguo wakipekuliwa. Gwalugano alipigwa na mgambo hao, akaachwa kwenye mvua hadi jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea. Hakuiona asubuhi.

Ndg. Aziz alisema yaliyopita si ndwele. Bi. Raudha alimwambia, "Wewe hujazika mtoto, Aziz. Nyamaza."

Mwenyekiti alisema jambo hili lilipitishwa kikao kilichopita, ambacho Bi. Enesi hakuhudhuria, na asiyekuwepo na lake halipo. Bi. Enesi aliuliza kama marehemu naye amehesabiwa humo. Katibu alikumbusha kwamba jambo hilo halijawahi kupitishwa na kikao chochote.

KUMB. NA. 3/4/2025: MABATI
Mwenyekiti aliuliza kwa ukali, bila Anania wajumbe wangekaa chini ya nini. Bi. Enesi alisimama. Maneno yake yanaandikwa kama yalivyotoka:

"Mwanangu alinyeshewa mpaka akafa, na wewe Sebastian ulikuwa umejibanza barazani kwa muuza mitumba, unaangalia. Leo unaniletea bati la yule muuaji nishukuru? Fundi, panda. Ng'oa."

Fundi Lucky alichukua nyundo, akapanda paani. Mwenyekiti alimwamuru ashuke. Fundi alijibu, "Samahani Mwenyekiti, mama kasema." Bi. Raudha alishika ngazi. Ndg. Aziz alinung'unika, kisha akapokea bati la kwanza, lililokuwa limeezekwa juu ya meza ya Mwenyekiti.

Iliazimiwa kwamba mabati yote yarudishwe getini kwa Anania, na Bi. Enesi akifungue kituo mwenyewe, paa liwepo lisiwepo. Mwenyekiti peke yake alipinga.

KUMB. NA. 4/4/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alisema hafungi kikao mpaka azimio lifutwe. Alikifunga saa 9:40 alasiri, mvua ilipoanza kumnyeshea. Bi. Enesi hakusogea. Aliketi pale pale mpaka ikakatika, na wajumbe waliobaki waliketi naye.

Mwenyekiti: ameondoka bila kusaini
Katibu: T. Sichone