Mashine Mpya Imekataa Hesabu Yako

Kaka Shee,

Mungu akulaze pema. Nakuandikia nikiwa na hasira, na nusu yake ni juu yako, unisamehe.

Wiki mbili baada ya kukuzika Mishomoroni, ofisi hapa Changamwe ililetewa kompyuta mpya. Nikaihamishia programu yako kwa disketi, ile inayokokotoa mafuta yaliyomo tangini kwa kupima kina. Kwenye mashine ya zamani jibu lilitoka kabla sijaketi vizuri. Kwenye mpya ilizunguka tu, haikomi. Mkubwa akaniambia mbele ya watu, "Huyo marehemu wenu alituachia kazi mbovu."

Siku ile sikula. Miaka mitano ulinifunza, ukinivumilia nikikosea, na leo huwezi hata kujitetea.

Siku tisa nimehangaika. Kumbe ni kompaila, ile inayoigeuza programu iwe lugha ya mashine. Huitazama mashine, kisha huamua yenyewe desimali zishikwe kwa tarakimu ngapi. Mashine ya zamani haikuwa na chipu ya hesabu, kwa hivyo kila jibu lilikatwa mahali pamoja. Mpya inayo. Ndani ya chipu jibu ni refu. Likiwekwa kwenye kumbukumbu linakatwa. Programu yako hurudia hesabu, ikingoja majibu mawili yanayofuatana yalingane, na refu halilingani kamwe na lililokatwa. Wala hatukuulizwa! Kitabu cha kompaila kinalitaja jambo hilo kwa mstari mmoja, nyuma kabisa.

Nikaondoka mbio kwenda kulisafisha jina lako kwa mkubwa. Mlangoni nikasimama. Si wewe uliyekuwa ukinambia, "Mwanaisha, namba za desimali usiziulize kama ni sawa, ziulize kama zimekaribiana"? Na kwenye mstari ule wa programu uliandika "sawa", wewe mwenyewe. Mbona, kaka? Ulikuwa umeshaanza kuumwa, ukanificha?

Nilimweleza yote mawili, la kompaila na lako. Akasema, basi rekebisha. Radhi hakuomba.

Nimerekebisha, inakwenda. Jina lako nimeliacha juu, na chini yake nimeandika kilichotokea, ili atakayeihamishia mashine nyingine asihangaike, wala asikutukane.

Binti yako Zuhura ameniomba nimfunze kazi hii. Nimekubali. Pumzika, kaka. Nakuahidi, siku nikichoka au nikiumwa, nitamwambia.

Mwanaisha, Timbwani